Mama Azalie Wapi? Shauri la Nyumbani na la Hospitali

Katika soko la Kwanza, kaskazini ya mji wa Kitale, kama katika vijiji vingi vya Trans Nzoia na Bungoma, liko shauri lisilokwisha kila mja mzito akaribiapo siku zake. Mama mkwe husema ya kuwa watoto wake wote walizaliwa karibu na mafiga yake mwenyewe, na wote ni watu wazima leo. Mkaza mwana hujibu ya kuwa wauguzi wa kliniki wamemwagiza aende hospitali. Mume husikiliza pande zote mbili huku akihesabu fedha za boda boda. Na jirani aliyetoka wodini juzi huongeza neno lake: aliachwa peke yake usiku kucha, akakaripiwa, tena akakatwa pasipo kuulizwa.

Haifai kulicheka neno la hata mmoja wa watu hawa, maana kila mmoja anasema jambo alilolijua kwa macho yake. Lakini shauri lenyewe ni la uhai wa watu wawili, mama na mtoto, na halifai kukatwa kwa mazoea wala kwa hofu. Yafaa kila upande uwekwe kwenye mizani, ili wenye nyumba wajue ni kitu gani wanachokipata na ni kitu gani wanachokihatarisha.

SABABU ZA WAPENDAO NYUMBANI

Mwanamke achaguaye kuzalia nyumbani hafanyi hivyo kwa ujinga, kama wengine wanavyodhani. Nyumbani yuko kati ya watu wake. Mkunga wa jadi ni mtu amjuaye tangu utotoni, aliyempokea pengine yeye mwenyewe alipozaliwa. Hulipwa kidogo kidogo, au hulipwa kuku au mahindi. Mama hupewa uji wa moto, husuguliwa mgongo, huruhusiwa kutembea, kuchuchumaa au kupiga magoti kama mwili wake upendavyo. Hakuna mgeni aingiaye na kutoka chumbani huku yeye amelala uchi. Watoto wake wengine wako karibu, na ng'ombe hukamwa kwa wakati.

Tena ni kweli ya kuwa uzazi si ugonjwa. Mimba nyingi huenda salama, na wanawake wengi wangeweza kuzaa pasipo kuhitaji dawa yo yote wala kisu. Kwa sababu hii mama mkwe husema kweli asemapo ya kuwa wake walizaliwa salama. Lakini mwenye kusimulia ni yule aliyepona. Yule asiyepona hayuko sokoni kusimulia habari yake.

HATARI ISIYOBISHA HODI

Hatari kubwa kupita zote ni ya kutokwa na damu baada ya kuzaa. Yafaa watu waelewe jinsi inavyotokea. Mtoto akiisha kuzaliwa, kondo la nyuma hubanduka katika tumbo la uzazi, na mahali pale huachwa mishipa mingi ya damu iliyo wazi. Kwa kawaida tumbo la uzazi hujikaza kwa nguvu kama ngumi, likaiziba mishipa ile. Lisipojikaza, damu humwagika kama maji katika mfereji, na mama aliyekuwa akicheka na mtoto wake mkononi aweza kufa kabla ya saa mbili kupita.

Ubaya wa hatari hii ni kwamba haibishi hodi. Humpata aliyezaa mara sita bila taabu, na humpata mwanamwali wa mimba ya kwanza. Hapana mkunga, wa jadi wala wa chuo, awezaye kumtazama mja mzito asubuhi na kusema kwa hakika ya kuwa huyu hatatokwa na damu jioni.

Hospitalini na hata katika zahanati iliyotengenezwa vema, mama huchomwa sindano ya oksitosini, vipimo 10, mara mtoto azaliwapo, ili tumbo la uzazi lijikaze. Dawa hii hupasa kuwekwa mahali pa baridi, kwa hiyo si kitu cha kuwekwa kabatini nyumbani. Damu ikizidi ziko dawa nyingine, liko dripu la maji, iko damu ya kuongezwa, na mwisho kipo chumba cha upasuaji. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika ya Kusini, nalo lilihusu wanawake zaidi ya 200,000. Wauguzi waliweka chini ya mama kitambaa cha plastiki chenye alama za kupimia, ili waione damu kwa hesabu badala ya kuikisia kwa macho. Na damu ilipozidi walitoa tiba zote pamoja mara moja, pasipo kungoja kwanza moja ishindwe ndipo wajaribu nyingine. Hatari kubwa za damu, yaani kutokwa na damu nyingi kupita kiasi, kupasuliwa kwa ajili ya damu, au kufa, zilipungua kwa asilimia 60. Jambo hili laonyesha ya kuwa vifo hivi vyazuilika, lakini vyazuilika mahali penye dawa, mikono iliyofundishwa na macho yenye kupima.

Ziko na hatari nyingine. Kifafa cha mimba huja pamoja na kupanda kwa nguvu ya damu, nayo haiwezi kuonekana pasipo kipimo. Mtoto aweza kukwama, na uchungu ukapita siku nzima bila faida, hata tumbo la uzazi likapasuka, au mama akapona lakini akabaki na fistula, akitokwa na mkojo pasipo kukoma. Mtoto naye aweza kuzaliwa asipumue. Huyo ana dakika moja tu ya kuanza kusaidiwa kwa mfuko na kifuniko cha kumpulizia hewa.

Sasa na ihesabiwe safari. Tuseme mama wa Kapomboi au wa Keiyo aanza kutokwa na damu saa nane za usiku, katika miezi ya mvua, mahindi yamefika kifuani na njia za mashambani zimekuwa tope. Kwanza watu wa nyumba hukaa wakidhani damu itakoma. Kisha hutafutwa boda boda, au gari la jirani. Ndipo huanza mwendo wa kwenda Kitale. Kila hatua hula muda, na muda wenyewe ni haba. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa katika Kenya wanawake 355 walikufa kwa ajili ya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Wengi wao hawakufa kwa ugonjwa wa ajabu. Walikufa kwa kuchelewa: kuchelewa kukata shauri, kuchelewa njiani, na kuchelewa kutibiwa walipokwisha kufika.

YALIYOTOKEA BUNGOMA

Kuchelewa huko kwa tatu kwastahili kutazamwa kwa haki, maana si kosa la mama wala la mama mkwe. Tarehe 1 Juni 2013 Serikali ya Kenya ilitangaza ya kuwa kuzaa katika hospitali za umma ni bure. Wanawake wakaja kwa wingi, lakini vitanda, dawa na wauguzi havikuongezeka kwa kiasi kile kile.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, mama mmoja alifika katika hospitali ya wilaya ya Bungoma, akatiwa dawa ya kuanzisha uchungu. Uchungu ulipomshika hakupata wa kumsaidia. Alijaribu kutembea mwenyewe kwenda chumba cha kuzalia, akaanguka njiani, akazaa sakafuni akiwa amezimia. Alipozinduka alikuta wauguzi wakimpiga makofi na kumtukana kwa sababu ameichafua sakafu. Mtu mmoja aliyekuwapo alipiga picha, na nchi nzima ikaona.

Mama yule hakunyamaza. Alikwenda Mahakama Kuu pale pale Bungoma, na tarehe 22 Machi 2018 hakimu alitoa hukumu ya kuwa haki zake zimevunjwa: haki ya afya, na haki ya heshima ya utu wake. Akaamriwa alipwe shilingi milioni 2 na nusu, na kuombwa radhi. Tena Mahakama ilisema ya kuwa lawama haikuwa ya wauguzi peke yao. Serikali ya taifa na ya kaunti zilikosa kutoa fedha na kusimamia kazi kama ilivyopasa.

Wala mama huyo hakuwa peke yake. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali na vituo 13 vya Kenya, ukachapishwa mwaka 2015, ulikuta ya kuwa mwanamke mmoja katika kila watano alitendwa vibaya kwa namna fulani alipokwenda kuzaa: kwa matusi, kwa kuachwa, kwa kuvuliwa nguo mbele ya watu, au kwa kutendewa jambo asiloliridhia. Vituo vile vilipofundisha watumishi wake na kuwasikiliza wenyeji, hesabu ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Kwa hiyo tabia hii si maumbile ya hospitali. Yaweza kubadilishwa ikiwa watu watasimama imara kuibadilisha.

Ipo na taabu nyingine. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma tangu Juni hadi Novemba, na waja wazito wengi walikuta milango imefungwa. Mtu aliyekuta mlango umefungwa mara moja hausahau, na mtu wa namna hiyo hastahili kulaumiwa kwa kumrudia mkunga wa jirani.

MAMBO YAFANYWAYO HOSPITALINI: YAPI YA LAZIMA?

Wanawake wengi hawaiogopi hospitali yenyewe. Waogopa yale wayatendewayo humo pasipo kuelezwa. Katika mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri 56 juu ya namna ya kumtunza mama azaapo, na mengi ya hayo yangemfurahisha mkunga wa jadi. Yafaa yajulikane na wote.

Kukaa na mwenzi. Mama anafaa kuwa na mtu amtakaye karibu naye wakati wote wa uchungu, awe mumewe, dada yake, mama mkwe au mkunga wa jadi. Mtu huyu humtia moyo, humpa maji, humwita muuguzi, na kuwapo kwake hupunguza maovu.

Kulala chali. Hakuna sharti la mama kulala chali na miguu juu. Asiye na hatari maalum aruhusiwe kutembea, na azae kwa namna aipendayo, hata kwa kuchuchumaa. Tena apewe maji na chakula chepesi ikiwa anataka.

Kunyolewa na kusafishwa tumbo kwa maji ya sabuni. Mambo haya yalifanywa zamani kwa kila mama. Hayana faida, na Shirika hilo limekataza yasifanywe kuwa desturi.

Kuongezwa njia. Huku ni kukatwa kwa mkasi mahali mtoto anapotokea. Kufanya hivi kwa kila mama, au kwa kila mwenye mimba ya kwanza, hakukubaliwi. Iko saa ambapo kunafaa, kama vile mapigo ya moyo wa mtoto yanapolegea naye yu karibu kutoka. Lakini hata hapo mama huelezwa na kupigwa ganzi kwanza.

Kukandamizwa tumbo. Kumsukuma mtoto atoke kwa kulemea tumbo la mama kwa mikono au viwiko hakufai, iwe ni nyumbani au hospitalini.

Dripu la kuongeza uchungu. Haraka haraka haina baraka. Uchungu halisi huhesabiwa tangu njia ifikapo sentimeta 5, na kutoka hapo mimba ya kwanza yaweza kuchukua hata saa 12, na za baadaye hata saa 10, bila kosa lo lote. Zamani wauguzi walifundishwa ya kuwa njia hupasa kufunguka sentimeta moja kila saa. Kanuni hiyo sasa imeonekana kuwa si ya haki kwa wanawake wengi. Ikiwa mama na mtoto wote wawili ni wazima, polepole peke yake si sababu ya kutiwa dawa. Dawa hii ni njema inapohitajiwa, lakini ikitiwa kwa wingi bila kuangaliwa yaweza kumchosha mtoto au kupasua tumbo la uzazi. Kwa sababu hiyo pia dawa na miti shamba ya kuharakisha uchungu inywewayo nyumbani ni ya hatari sana, maana hakuna ajuaye kipimo chake.

Upasuaji. Katika Kenya, mwaka 2014 watoto 9 katika kila 100 walizaliwa kwa upasuaji. Mwaka 2022 wakawa 17. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema ya kuwa upasuaji ukizidi watoto 10 katika 100 kwa nchi nzima, vifo havizidi kupungua kwa sababu yake. Lakini hesabu ya nchi haimhukumu mtu mmoja. Wako wapasuliwao wasiohitaji, na wako wengi mashambani wanaohitaji wasipasuliwe. Mtoto aliyelala kingamo katika tumbo la mama hawezi kuzaliwa kwa njia nyingine, na mama wa namna hii akiukataa upasuaji amekataa uhai.

Sindano ya oksitosini baada ya mtoto kuzaliwa. Hii ndiyo moja isiyofaa kukataliwa kwa hofu ya dawa. Hupewa kila mama, kwa kuwa hakuna ajuaye nani atatokwa na damu.

HAKI YA KUULIZA NA YA KUKATAA

Watu wengi hudhani ya kuwa aingiaye mlango wa hospitali ameuacha mwili wake mikononi mwa wenye hospitali. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yampa kila mtu haki ya afya, pamoja na afya ya uzazi, na kusema ya kuwa mtu asinyimwe tiba ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yasema ya kuwa mtu aelezwe hali yake, tiba zilizopo, faida na hatari zake, na haki yake ya kukataa; tena aelezwe kwa lugha aifahamuye, iwe Kiswahili, Kibukusu au nyingine. Asitibiwe pasipo ridhaa yake, ila katika dharura ambapo kungoja kungeleta kifo au madhara yasiyotengenezeka, naye hakuwa amekataa.

Mama, au mwenzi wake, aweza kuuliza maswali manne kwa adabu: Ni jambo gani mtakalonitendea? Kwa nini lahitajiwa sasa? Kuna njia nyingine? Nini kitatokea tukingoja kidogo? Muuguzi ajuaye kazi yake hujibu maswali haya kwa maneno machache. Na akijibu, “Mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka, hatuna muda,” mama amepata jibu lenye maana, naye hana budi kulipima kwa uzito wake. Haki ya kukataa haimaanishi ya kuwa kukataa ni busara kila mara.

MFANO WA UINGEREZA

Wako wasemao ya kuwa hata Wazungu siku hizi huzalia nyumbani. Ni kweli, lakini habari yote yafaa isemwe. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake zaidi ya 64,000 wa Uingereza waliokuwa hawana hatari maalum. Kwa waliokwisha kuzaa kabla, kupanga kuzalia nyumbani hakukumwongezea mtoto hatari, tena walitendewa mambo machache ya kitabibu kuliko wenzao wa hospitalini. Kwa wenye mimba ya kwanza, hatari ya mtoto ilizidi: madhara makubwa yalikuwa karibu 9 katika kila 1,000 kwa waliopanga nyumbani, na karibu 5 kwa waliopanga hospitali kubwa.

Jambo la kuangaliwa ni hili. Wanawake hao walikuwa na wakunga wa chuo waliokuja na dawa, vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua, na simu ya kuita gari la wagonjwa. Na hata hivyo, wenye mimba ya kwanza 45 katika kila 100 walihamishwa kupelekwa hospitali, ama wakati wa uchungu ama mara baada ya kuzaa. Basi nyumba ya Uingereza si nyumba tu. Ni tawi la hospitali. Nyumba ya Kwanza isiyo na sindano, isiyo na gari, na yenye mto uliofurika njiani, haiwezi kulinganishwa nayo. Asemaye, “Hata wao huzalia nyumbani,” aulizwe kwanza: gari liko wapi?

MAANDALIZI KABLA YA SIKU KUFIKA

Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema. Mja mzito aanze kliniki mapema, wala asingoje tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani lashauri apimwe mara nane. Kitabu chake cha mama na mtoto akitunze, maana ndicho kisemacho kwa niaba yake usiku wa haja.

Si kila mama apaswaye kwenda hospitali kubwa. Asiye na hatari aweza kuzalia katika kituo cha afya kilicho karibu, mradi pawe na muuguzi usiku na mchana na dawa ya kuzuia damu. Lakini aliyepasuliwa zamani, mwenye mapacha, ambaye mtoto wake ametanguliza matako au amelala kingamo, mwenye kupanda kwa nguvu ya damu, na aliyetokwa na damu nyingi katika uzazi uliopita, hawa na waende moja kwa moja penye chumba cha upasuaji, kama vile Kitale, Webuye au Bungoma. Mwenye nyumba ya mbali afanye shauri la kukaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali siku zikaribiapo.

Mume na mke wakubaliane mapema juu ya mambo haya: ni kituo gani, ni boda boda au gari la nani, na namba yake ya simu, nani atakayefuatana na mama, nani atakayebaki na watoto, na ni fedha kiasi gani za kuwekwa kando. Tangu Oktoba 1, 2024 mfuko wa NHIF umekwisha, na mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA. Mja mzito na ajiandikishe mapema, akaulize kituoni ni gharama zipi zitakazolipwa, asije akabishana mlangoni na uchungu umemshika. Aendapo kliniki atazame pia chumba cha kuzalia, aulize kama mwenzi huruhusiwa kuingia. Mlango uliozoeleka hauogopeshi kama mlango mgeni.

Mkunga wa jadi naye asitupwe. Maarifa yake ya kumtuliza mama ni hazina, na neno lake lasikilizwa kijijini kuliko tangazo. Akiwa ndiye mwenye kumleta mama kituoni na kukaa naye, hapotezi heshima yake, na mama hapotezi mwenzi.

IKIWA MTOTO AMEKUJA GHAFULA

Hata wenye kujiandaa huweza kuzalia nyumbani au njiani. Ikitokea, mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto akaushwe mara moja, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Asipolia, asuguliwe mgongo kwa kitambaa kikavu. Kitovu kikikatwa, kifungwe kwa uzi safi na kukatwa kwa wembe mpya. Kisipakwe majivu, samadi wala kitu kingine. Kondo la nyuma lisivutwe kwa nguvu. Mtoto anyonye upesi, kwa maana kunyonya husaidia tumbo la uzazi kujikaza. Likiwa laini kama mkate uliolowa na damu yatoka, lisuguliwe kwa mkono chini ya kitovu cha mama mpaka liwe gumu, huku gari likitafutwa. Leso moja ikilowa damu chapachapa, huo si wakati wa kungoja mapambazuko. Na hata kama yote ni salama, mama na mtoto wapelekwe kituoni siku ile ile.

WAJIBU WA PANDE ZOTE

Mwaka 2014 watoto 61 katika kila 100 wa Kenya walizaliwa katika hospitali na vituo vya afya. Mwaka 2022 wakawa 82. Watu wamekwisha kuitikia wito. Sasa zamu ni ya hospitali kuustahili wito huo, kwa pazia kuzunguka kitanda, dawa katika kabati, mtumishi wa usiku, na ulimi wa heshima. Mama aliyetendwa vibaya asinyamaze. Na amweleze mkuu wa kituo; asiposikilizwa, aweza kupeleka shauri lake katika Baraza la Wauguzi la Kenya, au katika Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hupokea malalamiko ya raia juu ya maofisi ya umma. Mama wa Bungoma alingoja karibu miaka mitano kabla ya hukumu, lakini hukumu yake sasa ni kinga kwa wengine wote.

Kwa nyumba iliyo mbali na chumba cha upasuaji, kama zilivyo nyumba nyingi za Kwanza, mizani yaelekea upande mmoja: mtoto na azaliwe mahali ambapo damu yaweza kuzuiwa. Lakini mama aende huko na mwenzi wake mkono wa kuume, kitabu chake mkono wa kushoto, na maswali yake manne kinywani. Mama mkwe aliyezaa salama karibu na mafiga yake ndiye afaaye kabisa kuwa mwenzi huyo. Na afuatane na mkaza mwana, achukue chupa ya uji, akae karibu na kitanda, na aangalie kwa macho yake mwenyewe kila jambo litendwalo.